Mnafu wa Uchira

Tuliteremka alfajiri, majembe begani,
kutoka kwenye migomba na ukungu
hadi shamba la chini, Uchira,
ambako mvua hupita juu ya ardhi
kama mgeni asiyepewa kiti.

Nilikuwa na miaka tisa, napalilia kwa hasira,
nafyeka kila kisicho hindi wala haragwe,
mpaka kivuli cha shangazi Haikaeli kikanifunika.
“Huyo umemuua kwa kosa gani?”

Mnafu. Shina limekatika, majani yamelala vumbini.
Akauokota, akaupangusa kwa upindo wa kanga,
akautia kapuni taratibu,
kama anayesitiri maiti ya jirani.
“Mahindi tunayabembeleza,” alisema,
“tunayapanda, tunayawekea samadi,
nayo yanatutazama tukifa njaa.
Huyu hakuitwa na mtu. Amekuja mwenyewe.”

Kwenye ukingo ilisimama ndulele,
miiba hadi mgongoni mwa jani,
matunda ya manjano, mazuri, yanang'aa;
hata mbuzi wa Kimasai waliizunguka.
“Na huyo ni ndugu yake. Tumbo moja.
Kila ukoo una mmoja wa namna hiyo.”
Akamtaja baba yangu mdogo kwa jina,
akacheka hadi akashika kiuno.

Akanifundisha: tunda bichi la mnafu, mkono nyuma.
Ngoja liwe jeusi, liwe laini,
liachie kikonyo bila kugombana.
Tukayala kwa siri tukitumwa maji,
tukirudi na ndimi za zambarau,
na tukiulizwa, sote jibu moja:
kalamu imepasuka mdomoni.

Mwaka ule mahindi yalifika magotini, yakachoka.
Maharage yalichanua, kisha yakajuta.
Mnafu uliota pale ng'ombe walipolala,
na kwenye mtaro wa barabara ya Himo,
na nyuma ya choo, ambapo hatukuuliza maswali.
Jumatatu mnafu.
Jumanne mnafu na chumvi.
Jumatano chumvi imekwisha.
Shangazi alichemsha, akamwaga, akachemsha tena.
“Uchungu wa kwanza ni wa ardhi.
Wa pili ndio chakula.”

Juzi nimerudi. Elirehema, mwanawe,
amenunua pampu ya mgongoni na dawa ya magugu.
Alinionyesha shamba
kama mtu anavyoonyesha sebule yenye vigae vipya.
Mistari imenyooka. Katikati hakuna kitu,
udongo mtupu, umepauka, kama kichwa kilichonyolewa msibani.

Tulimleta shangazi, macho yake yameingia wingu.
Akainama, akapapasa chini kwa kiganja,
huku, kule, tena huku.
“Wageni wangu wako wapi?”
Elirehema akaanza kueleza habari ya magunia kwa ekari.
Hakumkatiza. Aliendelea kupapasa
hadi ukingoni, akachomwa.
Dawa ilikuwa imemsahau ndulele.

Jioni nikamnunulia fungu la mnafu sokoni Mbuyuni,
majani mapana, yanadondosha maji.
Alikula kijiko kimoja, akatafuna muda mrefu.
“Huu umenyweshwa,” akasema. “Mtamu.
Hauna habari yoyote.”
Akasukuma sahani kwa heshima.

Leo, kabla ya jogoo, nimetembea peke yangu
hadi kwenye mtaro wa Himo.
Upo mmoja, umebanana na chupa za plastiki,
umejaa matunda meusi.
Nimejaza mdomo, sikumeza,
nikavuka barabara hadi shambani kwa Elirehema,
nikapita mstari kwa mstari natema,
mtu mzima, mwenye miwani na mikutano Moshi mjini,
natema, nafukia kwa kisigino, natema.

Sijui kama dawa ile itaziacha mbegu zichipue.
Sijui mvua itapewa kiti na nani.
Ila Elirehema akiamka
akaniuliza ulimi wangu umefanya nini,
jibu ninalo tangu darasa la tatu.